Andiko la Kanieneo

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali, maana walimu wake wengine bado wanasubiri kupandishwa daraja, palikuwa na shule moja ya sekondari huko milimani, kwenye migomba na mvua. Jina lake silitaji. Mkuu wake bado yu hai, ana afya njema na kumbukumbu nzuri, na mimi bado napita njia ile.

Shule hiyo ilikuwa na kila kitu. Ilikuwa na maabara, ila ndani ya maabara yalihifadhiwa mahindi. Ilikuwa na bomba la maji, ila maji yenyewe yalikuwa mtoni. Ilikuwa na mwalimu wa fizikia, ila mwalimu wa fizikia alikuwa amesomea historia. Aliitwa Mwalimu Mwakitalu. Alikabidhiwa fizikia siku ile ile aliyoripoti, kwa sababu kati ya walimu wapya ndiye pekee aliyevaa miwani.

Tena ilikuwa na Mkuu wa Shule, Mwalimu Lwambano, mtu wa amani. Mambo mawili tu aliyapenda duniani: kusiwe na kelele, na kila karatasi iwe na mhuri. Barua ikiingia, anagonga mhuri. Barua ikitoka, anagonga mhuri. Siku moja mke wake alimpa orodha ya vitu vya sokoni. Ilirudi nyumbani bila nyanya wala vitunguu, lakini mhuri ulikuwepo.

Basi ikaja barua kutoka ofisi ya elimu. Ilisema kila shule ya kanda iandike andiko moja juu ya kanuni ya Pascal. Andiko litakaloshika nafasi ya kwanza, mwandishi wake atapata nafasi katika chuo cha ufundi: miaka mitatu, chakula, malazi na vitabu, bila mzazi kutoa hata senti.

Mkuu akaisoma mara mbili.

“Paskali?” akauliza. “Huyu fundi cherehani wa sokoni? Ana kanuni gani mtu huyu, na suruali yangu anayo tangu Pasaka?”

Mwalimu Mwakitalu akavua miwani, akaifuta kwa tai. “Ni mwingine, Mkuu. Huyu ni wa maji.”

“Wa idara ya maji?”

“Wa maji ya kwenye fizikia.”

“Basi ni wako,” akasema Mkuu, akagonga mhuri.

Kesho yake Mwalimu Mwakitalu akaingia kidato cha nne, chaki mkononi, na ujasiri wa mtu ambaye somo halijawahi kumjibu.

“Andikeni,” akasema. “Maji ukiyakandamiza, nguvu yake huenda chini. Kwa nini? Kwa sababu maji huteremka. Mfano: mto.”

Darasa zima likaandika: Mfano, mto. Wanafunzi arobaini na sita, kalamu arobaini na tano. Kalamu moja haikuandika. Ilikuwa ya Subilaga.

Subilaga alikuwa mtoto wa Mama Subi, mama muuza chumvi na dagaa pale sokoni. Alikuwa msichana mzuri kwa kila hali, isipokuwa alikuwa na ugonjwa wa kuuliza, na ugonjwa huo shuleni pale hauna dawa zaidi ya kutolewa nje.

“Mwalimu, samahani,” akasema. “Mbona mfuko wa maji ukiubana chini, unapasukia juu?”

“Mfuko gani?”

“Wowote, mwalimu. Hata ule wa barafu.”

Mwalimu Mwakitalu akafikiri. Alifikiri kwa haki kabisa, kwa muda wa kupiga chafya moja. “Mfuko huo ulikuwa mbovu,” akasema. “Toka nje.”

Subilaga akatoka. Alisimama nje dakika arobaini, manyunyu yakimlowesha mabega, akifaidi hewa safi inayotolewa na serikali bila ada. Dakika ya kwanza alikasirika. Dakika ya kumi alikasirika zaidi. Dakika ya arobaini hasira ikawa imegeuka kuwa mpango.

Mjomba wake alikuwa akichanja ng'ombe wa kijiji. Subilaga akamwomba mabomba ya sindano yaliyochakaa, akapewa mawili: moja nene la kuwapa ng'ombe dawa, jingine jembamba la kuchanjia kuku. Akaomba na kipande cha mpira wa dripu. Akayasimamisha mabomba yale kwenye fremu ya mbao, akayafunga kwa mpira wa baiskeli, akayajaza maji, akayaunganisha kwa ule mrija wa dripu. Juu ya kila kijiti cha kusukumia akapigilia kibao kidogo.

Siku ya kwanza maji yalivuja yakamwagika yote. Siku ya pili hayakuvuja, lakini ukisukuma huku, kule kunabonyea tu kama sifongo. Akagundua kuna hewa imebaki kwenye mrija, akashinda mchana kutwa akiitoa, tone baada ya tone. Siku ya tatu mpira wa lile bomba nene ulikwama, akaupaka mafuta ya kupikia, ukalegea. Siku ya nne akachukua chumvi kwenye genge la mama yake, pakiti za nusu kilo. Akaweka pakiti moja kwenye bomba jembamba. Kwenye bomba nene akaanza kupanga. Pakiti mbili, zikapanda. Nne, zikapanda. Sita, zikapanda. Nane zikapanda, polepole, kama mzee anayeinuka kwenye kiti. Ya tisa ikasitasita, haikupanda.

Pakiti moja ikainua nane. Subilaga akakaa chini, akacheka peke yake mpaka machozi. Mama yake akatoka kuangalia, akakuta pakiti moja imelowa, akamchapa. Hivyo ndivyo sayansi ilivyopokelewa nyumbani.

Akaipeleka mashine yake darasani. Akapanga chumvi mbele ya wote. Mwalimu Mwakitalu akaangalia pakiti nane zikiinuliwa na pakiti moja, akazihesabu tena kwa kidole.

“Hicho ndicho nilichokuwa nasema,” akasema.

Mkuu akaitwa, akatazama, akafurahi kwamba hakuna kelele. “Vizuri sana, binti. Sasa liandike andiko. Kwa Kiingereza, maana ofisini wanataka Kiingereza.”

Hapo ndipo Subilaga alipokwama. Mikono yake ilijua kila kitu: hewa, mrija, mpira, mafuta. Kiingereza chake hakikujua chochote. Alichana karatasi moja, akachana ya pili, akachana ya tatu. Ya nne aliandika mistari sita, na alipoisoma hakuielewa hata yeye.

“Naijua, mwalimu,” akasema, “lakini haitaki kutoka.”

“Aitwe Lusekelo,” akasema Mkuu.

Lusekelo alikuwa kijana mwembamba aliyesoma kila kilichoandikwa, hata maandishi ya kwenye mifuko ya mbolea. Kila alipokuja mgeni rasmi, Lusekelo ndiye aliyesoma risala. Mgeni mmoja aliwahi kulia. Hakuelewa neno hata moja, lakini alilia, akaahidi madawati hamsini, na mpaka leo tunaikumbuka ahadi ile, maana ndiyo tuliyonayo.

Lusekelo akakaa na Subilaga siku nzima, akamsikiliza. Kisha akaandika siku sita. Jumamosi katika siku hizo kiwanda cha chai kiliita vijana waende kujaribiwa kazi ya ukarani. Baba yake alimpigia pasi shati, akamwambia, “Nenda, mwanangu, kazi zenyewe hizi hazirudi.” Lusekelo hakwenda. Alibaki na andiko. Lilipokamilika lilikuwa kurasa nne, na lilipendeza kusoma. Hata hewa ndani ya mrija aliielezea mpaka ukaihurumia.

Lakini alipofika kwenye zile pakiti, alisimama. Bomba nene, kwa kipimo cha rula, lilikuwa na upana mara tatu ya lile jembamba. Akafikiri: upana mara tatu, basi uzito mara tatu. Subilaga amesema nane. Lusekelo mwenyewe alizihesabu nane siku ile darasani. “Atakuwa alikosea mahali,” akajiambia, akaandika tatu. Hakumwuliza mtu. Tatu ilikuwa namba nadhifu, tena ilikaa vizuri kwenye sentensi.

Mkuu akaliona andiko, akalisifu, akalilalamikia mwandiko. Mwandiko wa Lusekelo ulikuwa kama kuku aliyeingia kwenye wino.

“Anakili Tusajigwe,” akaagiza, akagonga mhuri kwenye nakala chafu, ili isionewe.

Tusajigwe alikuwa na mwandiko kama wa mashine. Huo ndio umaarufu pekee aliokuwa nao. Tangu kidato cha kwanza hakuwahi kunyoosha mkono darasani, na walimu wawili walikuwa wakiamini ni bubu. Aliishi kwa dada yake aliyeolewa, akilala jikoni, akiandika juu ya ndoo iliyofunikwa.

Akanakili ukurasa wa kwanza. Akanakili wa pili. Kwenye wa tatu akakutana na ile tatu, kalamu ikasimama. Siku ile chumvi ilipopangwa darasani, alikaa mstari wa mbele. Alizihesabu pakiti zile kwa midomo, kimya kimya. Zilikuwa nane.

Siku mbili hakunakili neno. Alichora, akafuta, akachora. Siku ya tatu mtoto wa dada yake, aliyekuwa darasa la saba, alikuwa akisoma kitabu chake cha sayansi kwa sauti, kile cha Kiswahili: “Kanieneo ni kani inayogandamiza juu ya eneo.” Mtoto alisoma kama watoto wanavyosoma, bila kujua anachokisema. Tusajigwe akamwambia, “Rudia.” Mtoto akarudia.

Kani. Eneo. Neno lenyewe lilikuwa limebeba jibu tumboni, na darasa lao zima lilikuwa limelisoma utotoni, kisha likalisahau lilipohamia kwenye Kiingereza. Hakuna upana hapo. Kuna eneo, na maji husukuma kila kipande cha eneo kwa nguvu sawa, kwa hiyo eneo likizidi, kani nayo huzidi. Tusajigwe akachukua karatasi ya vyumba vyumba, akachora duara dogo, akachora duara lenye upana mara tatu, akahesabu vyumba vilivyomo. La kubwa lilikuwa na vyumba mara tisa ya la dogo. Tisa! Basi mbona pakiti ya tisa iligoma? Akakumbuka, kutoka ukurasa wa pili aliounakili, ule mpira uliokwama mpaka ukapakwa mafuta. Mpira unasugua bomba, na msuguano nao unakula nguvu yake. Pakiti nane zikapanda, ya tisa ikaliwa na msuguano.

Tusajigwe akafuta tatu, akaandika nane. Akaongeza nusu ukurasa, kwa Kiingereza kifupi kilichonyooka, akieleza tisa imetoka wapi na imepotelea wapi. Hakumwambia Subilaga. Hakumwambia Lusekelo. Hakumwambia mwalimu. Akalifunga andiko, akalipeleka ofisini, akasalimia, akaondoka.

Sasa juu ya fomu ya ofisi ya elimu palikuwa na mstari mmoja: Jina la mwandishi. Mkuu akawaita Subilaga na Lusekelo.

“Mwandishi ni nani?”

“Mimi,” akasema Subilaga.

“Mimi,” akasema Lusekelo.

Walisema kwa pamoja, kisha wakatazamana, na Mkuu akasikia kelele ikikaribia kwa mbali. Mtu wa amani hukimbilia amani. Akachukua kalamu, na kwenye mstari wa jina la mwandishi akaandika jina la shule. Akagonga mhuri, akatabasamu, akawaambia, “Mafanikio ya mmoja ni ya wote.” Andiko likaenda.

Ikapita miezi miwili. Barua ikaja. Mkuu aliisoma akiwa amesimama, kisha akaisoma akiwa amekaa.

“Ndugu Shule ya Sekondari,” barua ilisema, na hapo likafuata lile jina ambalo silitaji. “Unapongezwa kwa kushika nafasi ya kwanza katika kanda. Unatakiwa kuripoti chuoni tarehe tano, ukiwa na godoro la futi mbili na nusu, ndoo yenye mfuniko, na cheti chako cha kuzaliwa.”

Mkuu akapanda gari mpaka ofisi ya elimu kueleza kwamba shule haina cheti cha kuzaliwa. Karani akamsikiliza kwa heshima zote huku akila karanga.

“Tuletee jina la mwandishi, Mkuu. Ijumaa saa sita mchana. Ikipita hapo, nafasi inakwenda kwa shule iliyoshika namba mbili.”

“Haiwezekani wakaenda wawili?”

“Kitanda ni kimoja, Mkuu.”

Jumatano wakaitwa ofisini. Wakaja Subilaga na mama yake, akaja Lusekelo, na Tusajigwe akaitwa kwa sababu Mkuu alitaka mtu wa kuandika kumbukumbu za kikao kwa mwandiko unaosomeka. Mwalimu Mwakitalu akakaa dirishani. Mkuu akaanza kusoma maoni ya wasahihishaji kwa sauti.

“Shule nyingine zote zilinakili mfano wa kitabuni. Andiko hili peke yake linatoka kwenye jaribio la kweli, limeandikwa kwa lugha fasaha, na limeeleza kwa nini pakiti nane zilipanda na ya tisa ikakataa.”

“Nane?” akasema Lusekelo. “Mimi niliandika tatu.”

Subilaga akageuka polepole. “Tatu umeitoa wapi?”

“Kwenye hesabu. Bomba lako lina upana mara tatu.”

“Lakini uliziona! Ulikaa pale, Lusekelo, ukaziona zinapanda nane. Ukaiamini kalamu yako kuliko macho yako?”

“Nilijua umekosea.”

“Mimi? Nimekosea kuhesabu chumvi? Mtoto wa muuza chumvi?”

“Jamani, jamani,” akasema Mkuu, “hapa ni ofisini. Sasa kama huyu alisema nane, na huyu akaandika tatu, hii nane imerudi vipi?”

Kwenye kona ya chumba mkono ukanyooka. Mwalimu Mwakitalu alishtuka mpaka miwani ikamdondoka.

“Ni mimi,” akasema Tusajigwe. “Shikamooni.”

Akaeleza. Alieleza kwa maneno machache, akichora maduara kwenye ile karatasi ya kumbukumbu za kikao. Alipomaliza, Subilaga alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Miezi mitatu alikuwa akijiuliza kwa nini nane. Lusekelo alikuwa akitazama sakafu.

“Kwa hiyo ulibadilisha andiko langu,” akasema Lusekelo, “na hukuniambia.”

“Ningekuambia, ungenisikiliza?”

“Ungesema kwanza!”

“Ungeniambia ninakili. Ndiyo kazi niliyopewa.”

“Na kama ungekuwa umekosea wewe? Jina letu lingechafuka, na tusingejua limechafuliwa na nani.”

Tusajigwe akaiweka kalamu chini. Hilo lilimwingia, maana lilikuwa kweli.

Mkuu akaona kelele imeshaingia na imepata kiti. Akasema kila mmoja atoe hoja yake kwa utaratibu.

Akasimama Subilaga. “Mimi nilisimamishwa nje nikanyeshewa kwa ajili ya kanuni hii. Nikatafuta mabomba, nikatoa hewa tone kwa tone, nikachapwa. Hawa walikuta kitu kipo. Ondoeni ile mashine, waacheni na kalamu zao, muone wataandika nini. Wataandika: Mfano, mto.”

Mwalimu Mwakitalu akakohoa.

Akasimama Lusekelo. “Kweli nilikosea namba, sikatai. Lakini wasahihishaji walipelekewa nini? Walipelekewa chumvi? Walipelekewa maneno, na maneno yale kurasa nne ni yangu. Subilaga aliambiwa aandike akashindwa, akaja kwangu. Na mimi nikaacha kazi ya kiwandani kwa ajili yake. Kazi ile ameipata mwingine. Nikikosa na chuo, nimebaki na nini?”

Akasimama Tusajigwe, akikunja pindo la sketi. “Mimi sikutengeneza mashine. Kurasa nne sikuziandika. Nusu ukurasa tu. Lakini barua imesifu nusu ukurasa. Bila huo, wangesoma kwa Kiingereza kizuri sana kwamba pakiti moja inainua tatu, na wangejua ni uongo. Subilaga aliona bila kujua kwa nini. Lusekelo alisema bila kuona. Mimi ndiye niliyeelewa. Na chuo ni cha watu wanaoelewa.”

“Mimi sielewi?” Subilaga akaruka. “Ningepewa siku mbili na kitabu, ningeelewa!”

“Ulipewa miezi mitatu,” akasema Tusajigwe, kwa upole, na upole huo ulichoma kuliko kelele.

Mwalimu Mwakitalu akaona naye asiachwe nyuma. Akasema kwamba, kwa kuangalia jambo hili kitaalamu, yeye ndiye chanzo. “Ningefundisha sawasawa, nani angekwenda kufanya jaribio? Wote wangenakili wakalala. Kosa langu ndilo lililowaamsha.” Alisema hivyo bila aibu hata chembe, na jambo la kusikitisha ni kwamba hakuna aliyeweza kumpinga. Mkuu naye akakumbusha, kwa unyenyekevu, kwamba bila mhuri lile lingekuwa karatasi tu.

Kisha Mwalimu Mwakitalu akatoa wazo: aende mwenye shida zaidi. Basi wakaanza kushindana umaskini. Subilaga hana baba. Lusekelo ana baba, na wadogo saba. Tusajigwe hana baba wala mama, na shemeji ameshasema mwisho wa mwaka jiko linahitajika. Subilaga akataja paa la nyumba yao linalovuja. Lusekelo akataja kutokuwa na paa upande mmoja. Mkuu akasikiliza mpaka akaona timu zimefungana, akasimamisha mchezo.

“Tupige kura,” akasema. Akakata vipande vitatu vya karatasi, akavitia kwenye kofia yake.

“Mimi sichomoi,” akasema Tusajigwe. “Nikipata kwa kura, nitakuwa nimeiba. Nikikosa kwa kura, nitakuwa nimeibiwa.”

Lusekelo na Subilaga nao wakarudisha mikono. Lilikuwa jambo la kwanza walilokubaliana wote watatu.

Ikabaki zamu ya Mama Subi. Akasimama, akajifunga kanga vizuri. “Mkuu, mimi sikusoma. Siku ile nilimchapa huyu mtoto kwa pakiti moja ya chumvi iliyolowa. Nilimchapa sana, na hakulia, alikuwa anacheka. Nilidhani ananidharau. Leo ndiyo najua alikuwa anacheka nini. Nataka tu kuambiwa, ile furaha aliyokuwa nayo, mmempa nani?”

Mkuu akautafuta mhuri, lakini ulikuwa mbali kidogo na mkono wake. Akafunga kikao.

Alhamisi Subilaga na Lusekelo walipishana uwanjani bila kusalimiana, wao waliokuwa wakigawana muhogo mmoja tangu kidato cha pili. Mchana Lusekelo alimfuata Tusajigwe kisimani, akamwambia, “Nifundishe yale maduara.” Tusajigwe akamchorea kwa kijiti kwenye tope. Lusekelo akatazama muda mrefu, akasema, “Ni rahisi hivi?” Tusajigwe akasema, “Ni rahisi ukishaonyeshwa.” Lusekelo akaondoka bila kuaga.

Ijumaa saa tano unusu, watatu walikuwa kwenye benchi nje ya ofisi. Lusekelo upande huu, Subilaga upande ule, Tusajigwe katikati, na pikipiki ya kupeleka barua inanguruma getini. Ndani, Mkuu alikuwa peke yake na mstari mmoja mtupu. Nasikia aliandika jina, akalikata, akaandika jingine, akalikata, akaomba fomu mpya. Saa sita kasoro dakika kumi alitoka na bahasha iliyofungwa, akampa mwenye pikipiki, hakumtazama yeyote kati yao usoni. Akaenda moja kwa moja nyumbani kwake akajifungia, mtu wa amani.

Jina lilifika. Mmoja alipanda gari tarehe tano na godoro lake. Wawili walibaki. Aliyekwenda namjua, na waliobaki nawajua. Mmoja wao hukutana nami mara kwa mara, na hatujawahi kulizungumza jambo hili mpaka mwisho, kila mara mmoja wetu hukumbuka kwamba ana haraka. Nani alikwenda, sitawaambieni, maana nikisema tu mtatikisa vichwa na kusema ndiyo haki yake, kama watu wanavyosema juu ya kila jambo lililokwisha tokea.

Kwa hiyo shikeni ninyi kalamu. Mmoja aliona na hakuweza kusema. Mmoja alisema na hakukubali alichokiona. Mmoja alielewa na akaficha. Barua inataka jina la mwandishi, na mstari ni mmoja: je, andiko lile liliandikwa na nani?